Bulabo: mjini tumechelewa, ngoma bado inachezwa

*Kiwanja kimoja, vikundi viwili, saa ileile. Bulabo, mashindano ya vyama vya ngoma vya Kisukuma vya Bagika na Bagalu huko Bujora, ni tamthilia ya muziki iliyo karibu kabisa na Jiji la Mwanza. Sasa kuna mvutano kuhusu nani aipange, ichezwe kwa muda gani na kwa faida ya nani.*

Saa tisa alasiri vumbi la Kisesa limeshapanda hadi magotini. Upande mmoja wa kiwanja vijana wamejipanga mstari, kila mmoja na jembe lake begani. Upande wa pili, mbali kidogo, kikundi kingine kinapasha ngozi za ngoma kwa moto wa nyasi. Hakuna anayetangaza ratiba. Filimbi inalia huku, inajibiwa kule, na pande zote mbili zinaanza kucheza kwa wakati mmoja.

Mgeni wa shughuli hii hudhani pametokea mkanganyiko. Anasubiri kikundi kimoja kikipishe kingine, kama inavyokuwa kwenye sherehe za serikali. Hakipishi. Watazamaji wamewekwa katikati makusudi, na miguu yao ndiyo kura. Atakayekusanya watu wengi ndiye mshindi.

Majembe yanarushwa juu, yanazunguka, yanadakwa kwa mpini, yote kwa pigo moja. Umati unavutika. Mara upande wa pili unapiga ukelele: mtu ametoka na chatu shingoni. Watoto wanatimua mbio kwenda kumwona, mama zao nyuma yao, wauza karanga nyuma ya mama zao. Manju wa majembe anaona kiwanja chake kinahama. Habembelezi mtu. Anakata wimbo, anaanza mwingine wa kumchamba mpinzani wake, na kicheko kinarudisha nusu ya watu.

Mhariri alikuwa ameniagiza habari fupi ya utalii wa ndani, aya kumi na picha mbili. Jua lilipozama nilikuwa bado nimesimama palepale, vumbi hadi kwenye nyusi, nikiwa upande wa Bagalu bila kujua nimejiunga nao saa ngapi.

Njia ya Igoma

Kutoka katikati ya Nyamagana hadi Bujora ni kama kilomita 20. Unapanda daladala ya barabara ya Musoma, unapita Buzuruga na Igoma, yalipo makaburi ya wahanga wa MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996, kisha unaingia Kisesa, ambayo tayari ni Wilaya ya Magu. Hapo bodaboda wanakupandisha kilimani hadi parokia ya Bujora.

Safari ni fupi kiasi hicho, lakini waliozaliwa Pamba, Mabatini na Mkuyuni, wakasoma, wakaoa na kupata wajukuu hapahapa mjini, wengi wao hawajawahi kuifunga. Mimi ni mmoja wao. Si kwamba hatuzijui ngoma za Kisukuma. Tatizo ni kwamba tunadhani tunazijua.

Tumeziona uwanja wa ndege akipokewa kiongozi. Tumeziona kwenye mikutano ya kampeni, zikipewa dakika chache kabla ya hotuba, kisha mshereheshaji anawashukuru wachezaji na kuwaomba wakae pembeni. Tumeziona kwenye harusi, kikundi kimekodiwa ili bibi mzaa bwana afurahi. Kila mara kikundi ni kimoja, na hakuna anayeshindwa.

Ngoma hizi zilitungwa zichezwe dhidi ya mtu. Kuwaona Bagika bila Bagalu ni kama kuwatazama wachezaji wa timu ya Pamba wakipiga danadana Uwanja wa Nyamagana siku ambayo wapinzani wao, Toto, hawajaja. Ufundi utauona, lakini mechi hutaiona.

> *Watazamaji wamewekwa katikati makusudi, na miguu yao ndiyo kura.*

Ngika na Gumha

Simulizi za Usukuma zinawataja watu wawili wa katikati ya karne ya 19, Ngika na Gumha. Wote walikuwa waganga, wote wacheza ngoma, na kila mmoja aliamini dawa yake ina nguvu kuliko ya mwenzake. Badala ya kupigana wakashindana kuvuta watu. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu, na Usukuma wote, kutoka ufukwe wa ziwa hadi Maswa na Shinyanga, ukagawanyika katika vyama hivyo viwili.

Mgawanyiko huu haufuati ukoo, dini wala utemi. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa pande tofauti. Kijana huingia chama kwa kufundwa na mwalimu wake, na hapo anapewa pia samba, ile dawa ya mvuto ambayo wachezaji wanasema ndiyo inayoufanya umati ushindwe kuondoka.

Ndani ya vyama hivyo kuna ngoma za kila namna. Bayeye ni wacheza na nyoka, waliofundishwa pia dawa za kutibu aliyeumwa. Banunguli asili yao ni wawindaji wa nungunungu. Wigashe huimbwa watu wamekaa, vijana kwa wasichana, na uzuri wake uko kwenye maneno kuliko miguu. Bugobogobo, ile ya majembe, ndiyo iliyojulikana nchi nzima.

Bugobogobo ilitoka shambani. Vikundi vya vijana vilikuwa vikilima kwa zamu au kwa malipo, ngoma ikiwa mbele, majembe yakishuka kwa mdundo mmoja. Pamba ilipopamba moto Kanda ya Ziwa miaka ya 1950, enzi za Paul Bomani na vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, mashamba yalitanuka na vikundi hivyo vikapata kazi tele. Kilichochezwa kiwanjani Juni kilikuwa kimefanyiwa mazoezi shambani tangu mvua za kwanza.

Frank Gunderson, Mmarekani aliyefanya utafiti wa muziki Usukumani miaka ya 1990, alikusanya mamia ya nyimbo hizo za kazi katika kitabu kilichotoka mwaka 2010. Miaka kumi kabla yake yeye na Gregory Barz walihariri kitabu kingine, kilichochapwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota, kuhusu muziki wa kushindana Afrika Mashariki. Jina lake ni la Kiswahili: *Mashindano!* Unakuta humo kwamba tabia hii si ya Wasukuma peke yao. Beni za pwani zilishindana, vikundi vya taarabu vya Zanzibar vilirushiana vijembe, na kwaya za makanisa zinashindana hadi leo. Ila sikumbuki kwingine ambako wapinzani wawili huanza kwa pamoja, sikio la mtazamaji likavutwa huku na jicho lake kule.

Padri aliyefungua mlango

Wamisionari wa Afrika, wale waliojulikana kama White Fathers, walifika Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Kwa miongo mingi ngoma kwao ilikuwa jambo la kuungama. Mkristo safi hakuchezacheza kiwanjani usiku, na samba ilihesabiwa kuwa uchawi.

Miaka ya 1950 akaja Bujora padri wa shirika hilohilo, David Clement, Mkanada, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Alifanya kinyume cha waliomtangulia. Alijenga kanisa la mviringo kwa umbo la msonge, akaweka mle alama za utemi, kiti na ngoma, na akaruhusu tuni za Kisukuma ziingie kwenye ibada wakati ambapo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulioanza 1962, ulikuwa haujaanza bado.

Kisha akachukua sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo huangukia mwishoni mwa Mei au Juni, akaiunganisha na msimu wa ngoma, maana Juni mavuno yameshaingia na watu wana nafasi. Waumini waliandamana na Ekaristi wakitupa maua njiani, na maua ndiyo bulabo kwa Kisukuma. Baada ya misa, kiwanja kikawa cha Bagika na Bagalu.

Wazee wa mila walikuwa na hofu yao pia. Mwaka 1963 serikali ilifuta utemi kisheria, na vitu vya ikulu za watemi vikawa hatarini: ngoma, mikuki, viti, mataji. Vingine vililetwa Bujora, kwenye makumbusho yaliyochukua sura kamili mwishoni mwa miaka ya 1960. Hadi leo banda la kitemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na vyama vya ngoma vina jengo lao, Bagika na Bagalu chini ya paa moja. Kiwanjani hawawezi kukaa hivyo.

Kwa hiyo anayesema Bulabo ni mila tupu isiyoguswa anakosea, na anayesema ni kitu cha kanisa anakosea pia. Ni mashindano ya zamani yaliyofufuliwa mahali papya, chini ya kalenda ya kigeni, na padri aliyejua kwamba watu hawaji kwa sababu ya padri.

Kumbe nayo ni tamthilia

Desemba 1962, akihutubia Bunge, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara mpya ya utamaduni na akalalamika kwamba wasomi wetu wanajua rumba na chachacha, lakini hawajawahi hata kuzisikia ngoma kama mangala na kiduo. Muda si mrefu kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, na Bugobogobo ikawa moja ya sura za Tanzania nje ya nchi.

Ndipo ngoma ikapanda jukwaani, na ndipo ikabadilika. Wachezaji wakageukia upande mmoja, waliko watazamaji. Wimbo uliochukua saa nzima ukakatwa. Vijembe vikapungua, maana hakuna wa kumrushia.

Waandishi wa tamthilia waliona hazina hiyo mapema. Emmanuel Mbogo alimchukua Ng'wanamalundi, yule mcheza ngoma na mtu wa miujiza ambaye Usukuma mzima unamsimulia, akaandika *Ngoma ya Ng'wanamalundi*, iliyochapwa mwaka 1988. Penina Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumia ngoma na ngano katika kazi zao, wakisisitiza kwamba sanaa za maonyesho za Afrika hazikuanza siku ukumbi wa kwanza ulipojengwa.

Nakubaliana nao zaidi baada ya kukaa Kisesa. Mji kama New York au London huishi kwa kufufua tamthilia za muziki za zamani: wanatafuta mwongozaji mpya, wanabadili mavazi, wanapunguza hapa na kuongeza pale, watu wananunua tiketi kuona ileile waliyoiona wazazi wao. Bulabo hufanya hivyo kila mwaka bila mwongozaji. Kisa ni kilekile cha Ngika na Gumha. Yanayobadilika ni nyimbo na mbinu.

Nyimbo nilizosikia zilizungumzia bei ya pamba, mume aliyehamia mgodini Geita, simu zinazovunja ndoa, na mwenyekiti fulani wa kijiji ambaye hakutajwa jina ila kila aliyekuwepo alimjua. Manju, au ningi kama anavyoitwa huku, hutunga miezi kadhaa kabla na kuficha nyimbo zake zisivuje. Ukiziimba kabla ya siku, mpinzani atakuja na jibu.

Vituko navyo hufichwa. Kikundi kimoja kiliingia kimebeba jeneza la mbao, kikalizunguka kwa maombolezo hadi watu wakanyamaza, kisha jeneza likafunguka akatoka mchezaji amevaa jezi ya rangi ya wapinzani, anacheza vibaya makusudi. Umati wote ulihama. Nikatazama upande wa pili: walikuwa wamebaki wapiga ngoma, wazee wachache na mbwa. Wakaendelea kucheza. Kanuni haimruhusu anayeshindwa kuacha.

> *Manju hutunga miezi kadhaa kabla na kuficha nyimbo zake zisivuje.*

Dakika saba za mgeni rasmi

Ni kwenye kanuni hizo za kiwanjani mzozo wa leo unapoanzia. Bulabo imekua, na wenye macho wameiona. Septemba 8, 2021, katika tamasha la utamaduni lililofanyika hapohapo Kisesa, machifu walimpa Rais Samia Suluhu Hassan jina la Chifu Hangaya, na nchi nzima ikaona picha. Tangu hapo tamasha lolote la Usukuma lina mahema, viti vya plastiki vyenye vitambaa, vipaza sauti na itifaki.

Upande mmoja wapo wanaotaka mpangilio. Hoja yao ina uzito. Mtalii anayetoka Serengeti kupitia lango la Ndabaka kwenda Mwanza hupita Kisesa, lakini hawezi kuuziwa kitu kisicho na saa ya kuanza. Wafadhili wanataka kuona nembo zao. Vikundi vinahitaji fedha, na fedha haiji kwenye vumbi. Watu hawa wanataja Ndere ya Kampala, kikundi alichokianzisha Stephen Rwangyezi miaka ya 1980 na ambacho sasa kina kituo chake Ntinda, jukwaa, mgahawa na maonyesho ya kulipia kila wiki. Wanataja pia Bomas of Kenya, Nairobi, iliyojulikana kwa ukumbi wa watu wapatao 3,500, ambako ngoma za makabila mengi zilichezwa mchana mmoja.

Wanachopendekeza ni jukwaa moja, kikundi baada ya kikundi, dakika saba hadi kumi kila kimoja, na waamuzi wenye karatasi za alama.

Upande wa pili ni wa wachezaji wenyewe, hasa wale wa zamani, na wazee wa vyama. Kwao dakika saba hazitoshi hata kuwasha ngoma. Wimbo mmoja una utangulizi, una kejeli, una mahali pa kupumzika, una kilele. Na karatasi ya alama inampa ushindi anayempendeza mwamuzi. Mtu akilipwa kumpendeza mgeni rasmi, ataimba sifa za mgeni rasmi. Mwenyekiti wa kijiji atalala usingizi mnono.

Mimi nasimama na wachezaji, ingawa najua anayesimama nao hana bajeti. Ndere imefaulu kwa sababu ilijengwa iwe onyesho tangu mwanzo. Bulabo ni shindano, na mtazamaji wake ana haki ambayo mwenye tiketi ya ukumbini hana: anaweza kugeuka na kuondoka, na kuondoka kwake kukabadili matokeo. Mwekeni kwenye kiti mbele ya jukwaa moja, mmempokonya kura.

Yapo mambo ya kati ambayo yangeweza kufanywa kesho. Vyoo vya kutosha. Maji. Kivuli kwa wajawazito na wazee. Ratiba inayosema tu ni siku gani vikundi gani vinakutana, ili mtu wa Nyamagana aamue aende lini. Posho ya nauli na chakula kwa vikundi vinavyotoka Kwimba na Maswa, ambavyo baadhi hulala sakafuni madarasani. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji jukwaa.

Samba na sakramenti

Mzozo wa pili ni wa ndani zaidi na huzungumzwa kwa sauti ya chini. Ndani ya kanisa lenyewe wapo waumini wanaoona aibu kwamba sikukuu ya Ekaristi inamalizika kwa watu wenye hirizi viunoni. Nje ya kanisa, walokole wa Igoma na Buhongwa hawana cha kuficha: kwao samba ni mapepo, na kijana aliyeokoka hana kazi kiwanjani.

Wenye kutetea njia ya Padri Clement hujibu kwamba ngoma ikifukuzwa uwanjani kwa kanisa haitakufa, itahamia mahali pasipo na mtu wa kuiangalia. Wachezaji nao wamegawanyika. Wengine hawafanyi lolote bila kuzuru kaburi la mwalimu wao na kuomba njia. Wengine wanasema samba siku hizi ni mazoezi, spika nzuri na msichana mmoja anayejua kucheza.

Sina uwezo wa kupima dawa. Nilichokiona ni kwamba wanaoiamini hufanya mazoezi vilevile kama wasioiamini.

Chatu ni wa nani?

Suala la nyoka linachekesha hadi ulisome kwa macho ya sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumiliki mnyamapori bila kibali. Kwa Bayeye, chatu ni sehemu ya elimu yao: wamemkamata, wanamlisha, wanajua anauma lini na huachiwa lini. Kwa ofisa wa wanyamapori ni mali ya umma iliyomo ndani ya gunia. Vivyo hivyo fisi, ambaye baadhi ya vikundi hupenda kumwonyesha.

Wanaotetea wanyama wana hoja ambayo wanangoma hawapendi kuisikia. Chatu aliyezungushwa juani mchana kutwa, akipitishwa shingo hadi shingo kwa ajili ya picha za simu, anateseka. Lakini kumwondoa kabisa ni kuwaondoa Bayeye na maarifa yao ya sumu na dawa. Kibali cha kikundi, chenye masharti ya muda na ya matunzo, kingeweza kumaliza ugomvi huu, kama mwombaji hatalazimika kukifuata ofisi baada ya ofisi.

Haki za nyimbo ni kitendawili kingine. Kila simu kiwanjani inarekodi. Jioni ileile wimbo uko mtandaoni, una tangazo la biashara mbele yake, na aliyeutunga anatafuta nauli ya kurudi Sumve. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda hata sanaa za jadi, na inalitaja Baraza la Sanaa la Taifa kuwa mwenye dhamana. Kwenye kiwanja cha Kisesa sikuona mtu hata mmoja aliyevaa kitambulisho cha baraza.

> *Jioni ileile wimbo uko mtandaoni, na aliyeutunga anatafuta nauli ya kurudi Sumve.*

Watoto wa mjini na Kisukuma

Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote Tanzania, na pengine ndiyo maana hakuna anayeogopa kwamba kitu chao kinaweza kupotea. Lakini wingi wa watu hautungi nyimbo. Vijembe vya kiwanjani vinategemea Kisukuma cha ndani, chenye mafumbo, na watoto wa Nyamagana wanakijua cha salamu na cha kuagiza samaki pale mwaloni Kirumba.

Nilisimama karibu na kundi la wanafunzi wa chuo kutoka mjini. Wimbo ukitamkwa, wazee wanaangua kicheko, wao wanatazamana, kisha mmoja anamuuliza mama aliye karibu. Mama anatafsiri huku bado anacheka, na tafsiri inafika wakati wimbo umeshahamia kwingine. Hata hivyo hawakuondoka. Majembe yaliporuka walipiga kelele kama wengine, na mmoja wao alijaribu kudaka jembe wakati wa mapumziko, likamponyoka, wachezaji wakamwonyesha tena taratibu namna ya kukunja kifundo cha mkono.

Wapo wanaosema singeli na bongo fleva zimeua ngoma. Sikuona dalili hiyo. Nilichoona ni mwizi akimwibia mwizi: kikundi kimoja cha Bagika kiliingiza mdundo wa singeli katikati ya ngoma ya jadi, wazee wakaguna, vijana wakahama kwa mkupuo. Na huku redioni na mtandaoni kina Bhudagala wamepeleka uimbaji wa Kisukuma hadi kwa wasikilizaji ambao hawajawahi kukanyaga kiwanja cha ngoma. Chama kinachotaka kushinda hukopa popote, na kimekopa hivyo tangu enzi za Ngika.

Hatari ninayoiona ni nyingine. Ngoma za kushindana zinahitaji pande mbili zenye nguvu sawa. Kikundi kikipata mfadhili, mavazi mapya na safari za Dodoma, na mpinzani wake akabaki na ngozi zilizochanika, shindano limekufa hata kama kikundi kimoja kinang'ara kwenye televisheni. Fedha za utamaduni za mkoa na halmashauri, zikija, zingeenda kwa jozi: Bagika wakipewa ngoma, Bagalu nao wapewe. Maofisa utamaduni hupenda kuchagua kikundi bora. Hapa kuchagua kikundi bora ni kuharibu.

Baada ya Juni

Tarehe ya Bulabo hubadilika kila mwaka kwa sababu inafuata Pasaka. Anayetaka kuijua aulize parokiani Bujora au asikilize matangazo kanisani mwezi Mei. Misa ni asubuhi, na vikundi hupamba moto kuanzia mchana. Aende amevaa viatu vya kufunika vidole, akiwa na maji na kofia, na asikae mbele kabisa kama hapendi nyoka.

Aliyeikosa hana haja ya kusubiri mwaka mzima. Bujora ni kituo kimoja tu. Bagika na Bagalu huwa njiani kiangazi chote, wakialikana kijiji kwa kijiji Magu, Misungwi, Kwimba na kwingineko, na huko hakuna hema wala itifaki. Siku tuliyoachana, manju wa majembe alikuwa anabishana na mwenye Fuso kuhusu nauli ya kwenda Ngudu, ambako wapinzani walewale walikuwa wametangulia. Aliposhindwa hapa, alisema wenzake wasifungue mizigo ya ngoma, wimbo wa kulipiza upo tayari.